Edward Saidi Tingatinga: Mchoraji wa Furaha Katika Siku Ngumu

(Wasifu kwa ajili ya ufahamu, ufupisho na insha)

Mtahiniwa, kabla ya kuanza kusoma, kumbuka tofauti hii ambayo huwaponza wengi. Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwenyewe. Hapa utasoma wasifu. Unapousoma, jiulize mambo matatu: mtu huyu aliishi katika mazingira gani? Alifanya nini ambacho wengine katika mazingira hayo hawakukifanya? Na kwa nini tunamkumbuka mpaka leo? Ukiweza kujibu maswali hayo matatu bila kutazama kitabu, umeuelewa wasifu.

1. Utangulizi

Ukitoka Darajani ukaingia Mji Mkongwe kwa miguu, ukafuata vichochoro mpaka Mtaa wa Gizenga nyuma ya Ngome Kongwe, utaziona picha kabla hujaulizwa unatafuta nini. Zimetundikwa kutani kuanzia chini mpaka juu ya milango. Kuna twiga mwekundu ambaye shingo yake imepinda kama ndoano. Kuna chui mwenye madoa ya buluu, ametoa macho kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Kuna ndege mkubwa kuliko mti aliotua. Kuna tembo wamepangana kama wanafunzi wanaosubiri kuingia darasani. Ukienda Nungwi, Paje au Jambiani, utazikuta tena kwenye vibanda vya makuti karibu na bahari.

Inawezekana umezipita picha hizo mara nyingi ukienda skuli bila kuzitazama. Watu wa mjini huzihesabu kuwa vitu vya watalii. Lakini picha hizo zina jina, na jina hilo ni la mtu aliyezaliwa, akahangaika kutafuta kazi, akaoa, akapata watoto na kufariki akiwa na umri wa miaka 40. Mtu huyo ni Edward Saidi Tingatinga. Alichora kwa muda wa miaka minne tu, kuanzia mwaka 1968 mpaka mwaka 1972. Yaani ni sawa na muda uliotumia wewe kutoka Kidato cha Kwanza mpaka Kidato cha Nne. Katika miaka hiyo minne alianzisha mtindo wa uchoraji unaotambulisha Tanzania duniani kote.

2. Kuzaliwa na makuzi

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika Wilaya ya Tunduru, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Wazazi wake walikuwa wakulima. Jina lake lenyewe linakuonesha nyumba aliyotoka: Edward ni jina la Kikristo, Saidi ni jina la Kiislamu, na Tingatinga ni jina la ukoo. Leo neno hilo hilo tunalitumia kuitia mashine kubwa ya kusukuma udongo, lakini usije ukaandika kwenye mtihani kwamba mchoraji alipewa jina hilo kwa sababu ya mashine.

Tanganyika ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Maeneo ya kusini yalikuwa mbali na reli na mbali na bandari kubwa, na fursa za elimu zilikuwa chache. Tingatinga alisoma mpaka darasa la nne tu. Hakufundishwa kuchora na mwalimu yeyote wa sanaa, wala hakuwahi kukanyaga chuo cha sanaa.

Hata hivyo, hakukulia mahali pasipo na sanaa. Kusini mwa Tanganyika na kaskazini mwa Msumbiji ni nyumbani kwa Wamakonde, wanaosifika kwa uchongaji wa vinyago, na Wamakua, ambao baadhi yao walikuwa na desturi ya kupamba kuta za udongo za nyumba zao kwa michoro. Mtoto aliyekulia huko alijua tangu mapema kwamba ukuta mtupu unaweza kupewa uhai. Zingatia jambo hili, kwa sababu maswali mengi ya insha huuliza namna mazingira yanavyomlea msanii.

3. Maisha ya kuhamahama kutafuta kazi

Katika miaka ya 1950 Tingatinga aliondoka kwao kama walivyoondoka vijana wengi wa kusini. Alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa mkonge, na mashamba yale yalihitaji maelfu ya vibarua. Vibarua waliotoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa sababu mtu alitambuliwa kwa namba aliyopewa badala ya jina lake. Kazi ilikuwa ya sulubu: kukata majani yenye miiba juani, kuyafunga mafungu, na kulipwa ujira mdogo.

Fikiri kidogo juu ya jambo hili. Mtu ambaye leo jina lake linatajwa London na Tokyo aliwahi kuishi mahali ambapo watu walihesabiwa kwa namba.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 alihamia Dar es Salaam. Huko alipata kazi ya nyumbani kwa ofisa wa Kiingereza katika eneo la Oysterbay, ambako wakoloni wengi waliishi. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru. Uhuru ulikuwa furaha ya taifa zima, lakini kwa watu waliofanya kazi katika nyumba za wakoloni ulikuja na mtihani wake: waajiri walifunga mizigo wakarudi kwao, na waliowatumikia wakabaki bila kazi. Tingatinga akawa miongoni mwa watu wa mjini wanaoishi kwa kubangaiza. Alifanya vibarua vya aina mbalimbali na kuuza matunda na mboga. Aliwahi pia kuwa mhudumu katika Hospitali ya Muhimbili.

Mtahiniwa, hapa ndipo ulipo msingi wa wasifu huu. Wakati alipoanza kuchora, Tingatinga alikuwa mtu mzima wa miaka 36, aliyesoma mpaka darasa la nne, asiye na kazi ya uhakika, katika jiji ambalo kila siku lilipokea vijana wengine wanaotafuta kazi kama yeye. Kwa hesabu za kawaida, nafasi yake ilikuwa imekwisha.

4. Kuanza kuchora, mwaka 1968

Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na nchi ikaingia katika siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Mwaka uliofuata, 1968, Tingatinga alianza kuchora. Katika jiji la Dar es Salaam zilikuwapo picha za wachoraji kutoka Kongo zilizokuwa zikiuzwa mitaani, na wageni walizinunua. Tingatinga aliona kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na mtu wa hapa nyumbani, kwa vitu vya hapa nyumbani.

Hakuwa na fedha za kununua turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vitu viwili vilivyopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi:

(a) Hadibodi, yaani mbao nyembamba zinazotumika kupigia dari. Alizikata vipande vya mraba, mara nyingi vya kiasi cha futi mbili kwa futi mbili.

(b) Rangi ya mafuta inayotumika kupaka baiskeli.

Vifaa hivi vilisaidia kuunda mtindo wenyewe. Rangi ya baiskeli inang'aa, ni nzito, na haichanganyiki kwa urahisi juu ya ubao ili kutoa vivuli vya taratibu. Kwa hiyo mchoraji hupaka rangi moja tupu ubao mzima, husubiri ikauke, kisha huchora mnyama juu yake kwa rangi nyingine, husubiri tena, halafu huweka madoa na mistari. Ndiyo maana picha za Tingatinga hazina milima iliyofifia kwa mbali wala kivuli cha mti. Kuna rangi ya nyuma na kuna kiumbe, basi. Umaskini wa vifaa ukageuka kuwa sura ya kazi.

Picha zake za mwanzo aliziuza nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, karibu na makazi ya mabalozi na wafanyakazi wa kigeni. Mkewe, Agatha, alimsaidia kuziuza. Walijaliwa watoto wawili. Nyumba yao ilikuwa Msasani, na mbele ya nyumba ndipo palipokuwa karakana yake. Baadaye kampuni ya umma iliyoshughulikia sanaa ilianza kununua picha zake, na kwa mara ya kwanza maishani akapata kipato kilichokuwa na uhakika kidogo.

5. Sifa za michoro yake

Tamathali za semi ulizojifunza darasani hazimo kwenye maneno tu. Ukizitafuta katika picha za Tingatinga utazipata.

Tashihisi. Mnyama hupewa sifa za binadamu. Macho ya chui wa Tingatinga ni macho ya mtu: yanashangaa, yanachungulia, yanakaribia kucheka. Simba anakutazama kama jirani aliyekufungulia mlango.

Mubalagha. Mambo hutiwa chuku. Shingo ya twiga hurefushwa mpaka ikose nafasi, ikabidi ikunjwe ili iingie kwenye ubao. Mkia wa ndege huwa mrefu kuliko ndege mwenyewe.

Takriri. Kitone hurudiwa mara mia moja mpaka mwili wa mnyama uonekane kama umevaa kitenge au kanga.

Taswira. Mnyama mmoja huwekwa katikati ya ubao, na jicho la mtazamaji halina pengine pa kukimbilia.

Wahakiki wa fasihi hutumia neno uhalisia kwa kazi inayoonesha mambo yalivyo, na uhalisia mazingaombwe kwa kazi inayochanganya mambo ya kweli na ya ajabu kana kwamba yote ni ya kawaida. Picha za Tingatinga ziko karibu na huo wa pili. Hakuna chui wa buluu katika mbuga yoyote. Lakini ukikaa mbele ya chui huyo dakika mbili, unaanza kumkubali, na unashangaa kwa nini wengine hawana rangi hiyo.

Sasa tujiulize swali la msingi. Kwa nini mtu aliyepita mashamba ya mkonge na miaka ya kutafuta kazi achore wanyama wanaocheka? Kwa nini asichore jembe, mnyororo, au foleni ya watu wanaotafuta vibarua?

Jibu la kwanza ni la soko: wageni walipenda wanyama. Jibu hili ni la kweli na mtahiniwa mwerevu hatalificha. Lakini halitoshi. Soko linaweza kukwambia uchore twiga; haliwezi kukwambia umpe twiga jicho la utani. Mtu anayechora kwa ajili ya fedha tu humaliza haraka. Madoa mia moja juu ya mwili wa chui, kila moja kwa mkono, ni kazi ya mtu aliyekaa na kitu anachokipenda.

Jibu la pili ni kwamba sanaa humpa mtu pa kupumzikia. Ubao wa futi mbili ulikuwa mahali ambapo Tingatinga ndiye aliyeamua kila kitu. Mashambani aliamua msimamizi. Katika nyumba ya Oysterbay aliamua mwenye nyumba. Mjini iliamua bahati. Juu ya hadibodi, yeye ndiye aliyesema anga iwe ya manjano, na ikawa ya manjano. Usiichukue furaha ile kuwa ni kusahau shida. Ilikuwa namna ya kuzikatalia shida zisichukue kila kitu.

6. Kufundisha wengine

Tingatinga hakuuficha ufundi wake. Picha zilipoanza kununuliwa, aliwaita ndugu na jamaa, akawafundisha nyumbani kwake. Miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza walikuwamo January Linda, Simon Mpata, Kasper Tedo, Adeusi Mandu na Ajaba Abdalla. Walijifunza kwa kutazama, kwa kujaza rangi ya nyuma, kisha kwa kuweka madoa, mpaka mkono ulipozoea na mwalimu akaruhusu wachore mnyama mzima. Huu ndio utaratibu wa uanagenzi unaotumika hata kwa maseremala wa milango ya nakshi hapa Unguja: mwanafunzi huanza na kazi ndogo, na mkono hukua pamoja na jicho.

Uamuzi huo wa kufundisha ndio uliookoa kazi yake. Angekuwa amechora peke yake, mtindo ungekufa pamoja naye.

7. Kifo chake

Mwezi Aprili mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu anayekimbia. Hakuwa mhalifu. Alifariki akiwa na umri wa miaka 40, akiacha mjane na watoto wadogo.

Wanafunzi wengi wakifika hapa huandika kwamba alikufa kishujaa au kwamba ilikuwa bahati mbaya, kisha wanaendelea. Usiikimbie sehemu hii. Mtu aliyewahi kuishi kati ya watu waliohesabiwa kwa namba, akajipatia jina kwa kazi ya mikono yake, alifariki kwa sababu wenye silaha hawakumjua ni nani. Ukiandika insha juu ya thamani ya uhai au juu ya haki za raia, mfano huu una uzito kuliko methali kumi.

8. Baada ya kifo: kutoka Msasani mpaka Unguja

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Walijiunga pamoja, wakaendelea kuchora na kuuza karibu na Morogoro Stores, wakifundisha wengine nao. Mwaka 1990 walisajili chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Jina la mtu likawa jina la mtindo: leo mtu husema anachora tingatinga kama vile asemavyo anashona kanzu.

Namna gani mtindo huu ukafika Mji Mkongwe? Sababu kubwa ni ya kiuchumi. Kwa miaka mingi uchumi wa Zanzibar ulitegemea karafuu. Katika miaka ya 1980 bei ya karafuu katika soko la dunia ilianguka vibaya, na Serikali ikaanza kufungua milango ya biashara na utalii. Hoteli zikajengwa pwani. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wachoraji wakavuka bahari kutoka Dar es Salaam wakifuata wanunuzi, na vijana wa Unguja wakajifunza kutoka kwao.

Hapa Unguja mtindo haukubaki kama ulivyokuja. Pamoja na twiga na tembo, ambao hawapo katika misitu yetu, wachoraji wakaongeza vitu vya visiwani: majahazi yenye matanga, samaki wa rangi zote, vichochoro, milango ya nakshi, wanawake waliovaa buibui na kanga, na mashetani ya hadithi za bibi. Ndivyo sanaa inavyosafiri: inafika na mzigo wake, kisha inapokea mzigo wa mwenyeji.

Mtindo huu umefika pia nje ya Afrika. Picha zimeoneshwa Ulaya na Japani. Mwaka 2010 zilianza kuoneshwa katuni za televisheni za watoto ziitwazo Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi, Kenya, kwa kufuata sura ya michoro hii.

Wakati mgumu haukwisha. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozuia safari duniani, watalii waliadimika na vibanda vingi vya picha vilikosa wateja. Mchoraji wa Unguja alijikuta mahali alipokuwa Tingatinga mwaka 1968: ana mkono, ana rangi kidogo, hana uhakika wa kesho.

9. Hoja tata: je, hii ni sanaa au ni bidhaa?

Mtihani unaweza kukutaka ujadili. Kujadili maana yake ni kuleta pande zote mbili, kisha kutoa msimamo.

Upande wa kwanza husema kwamba tingatinga imekuwa bidhaa ya watalii. Picha ileile hurudiwa mara nyingi, mmoja humwiga mwenzake, na ubunifu hupungua. Hata picha za Tingatinga mwenyewe zimeghushiwa, kwa sababu picha halisi zenye saini yake ni chache na zimekuwa za thamani kubwa.

Upande wa pili husema kwamba kurudia si kosa katika sanaa za jadi. Mchonga mlango hurudia ua la yungiyungi, mfuma mkeka hurudia ukili, na hakuna anayewaambia kwamba wao si wasanii. Zaidi ya hapo, mtindo huu umelisha familia nyingi ambazo hazikuwa na njia nyingine.

Jambo la kisheria pia ni muhimu. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Kwa kawaida hakimiliki hulinda kazi yenyewe, hailindi mtindo. Maana yake ni kwamba yeyote anaweza kuchora twiga mwenye madoa juu ya rangi tupu, lakini si halali kunakili picha ya mchoraji fulani na kuiuza kama yako. Ukieleza tofauti hiyo katika insha, hoja yako itasimama imara.

10. Mafunzo kwa mtahiniwa

Kwanza, ukosefu wa vifaa haumaanishi ukosefu wa kazi. Tingatinga alianza na ubao wa dari na rangi ya baiskeli. Usichukue funzo hili kuwa umaskini ni mzuri. Umaskini si mzuri. Funzo ni kwamba aliangalia alichonacho kwanza, kabla ya kulilia asichonacho.

Pili, elimu ya darasani ina thamani, lakini si kipimo pekee cha mtu. Nakwambia hili nikiwa mwalimu ninayekutaka ufaulu. Soma kwa bidii zote. Lakini matokeo yakitoka, yawe yoyote, usikubali yakupe namba badala ya jina.

Tatu, furaha ni kazi. Mtu mwenye shida anaweza kuchora shida yake, na hilo nalo ni halali. Tingatinga alichagua kuchora kitu kinachomfanya mpita njia asimame na atabasamu. Katika siku hizi za kujiandaa na mtihani, ukiwa na kitu kidogo kinachokupumzisha bila kukudhuru, iwe ni kuchora, kuimba kasida, kudarizi au kucheza mpira Mnazi Mmoja jioni, usikione kuwa ni upotezaji wa muda. Kipangie nusu saa, kisha rudi kwenye kitabu.

Nne, anayejua amfundishe asiyejua. Msomee mwenzako sehemu uliyoielewa. Utaikumbuka wewe zaidi yake.

11. Muhtasari wa miaka

1932: Anazaliwa Wilaya ya Tunduru.
Miaka ya 1950: Anafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha anahamia Dar es Salaam.
1961: Tanganyika inapata uhuru.
1968: Anaanza kuchora.
1972: Anapigwa risasi na kufariki, mwezi Aprili.
1990: Ushirika wa wachoraji wa Tingatinga unasajiliwa.
2000: Mji Mkongwe unaingia katika Urithi wa Dunia.
2010: Katuni za Tinga Tinga Tales zinaanza kuoneshwa.

12. Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya wasifu na tawasifu, kisha thibitisha kwamba habari uliyosoma ni wasifu.
2. Kwa nini vibarua wa mashamba ya mkonge waliitwa manamba? Neno hilo linahusiana vipi na kifo cha Tingatinga?
3. Eleza namna vifaa alivyotumia Tingatinga vilivyochangia kuunda mtindo wake.
4. Kwa kutumia mifano, fafanua tamathali tatu zinazoonekana katika michoro ya Tingatinga.
5. Fupisha sehemu ya 8 kwa maneno yasiyozidi 80.
6. Andika insha isiyopungua kurasa mbili juu ya mada hii: Sanaa ni kimbilio la mwanadamu wakati wa shida.

Dokezo la swali la 6: Usianze kwa kusema kwamba sanaa ni muhimu katika jamii; kila mtahiniwa ataanza hivyo. Anza na mtu mmoja, mahali pamoja, siku moja. Ikiwa unaishi karibu na Mji Mkongwe, nenda Gizenga Jumamosi asubuhi kabla ya joto kupanda. Omba ruhusa, simama nyuma ya mchoraji, utazame anavyoweka madoa. Hesabu mpaka mia moja. Kisha rudi nyumbani uandike aya yako ya kwanza.